Drusilla na Binti Asiyelala

Huku kwetu Gesima mtu asiyelala ni mshukiwa. Ukiugua malaria watakuletea uji, ukivunjika mguu watakubeba mgongoni hadi barabarani, lakini ukikosa usingizi wataanza kuulizana unakwenda wapi usiku. Nasema mapema ili mtu asije akanong'ona baadaye kwamba Mama Ogeto ana kisirani. Ninacho, tena kingi, na nitawaambia nilikokitoa.

Drusilla ni jirani yangu. Shamba lake la chai limepakana na langu, na mpaka wetu ni safu ya mikaratusi. Ni mjane. Anaishi na mama mkwe wake, Nyakerario, na binti yake wa pekee, Loice. Ana mikono myepesi na ulimi mkali kuliko wangu, jambo ambalo si rahisi. Anaingia shambani umande haujakauka, na mimi nikija nikipiga miayo ananipokea na neno: "Mama Ogeto, wewe unachuma chai ama unaipapasa?" Kanisani ni shemasi. Ijumaa, jua halijazama, nyumba yake imeshapigwa deki na chakula cha Sabato kimepikwa na kufunikwa.

Nyakerario yeye ni mtu wa jikoni. Anapika kwa kuni katika kijumba kisicho na dirisha la maana, na moshi wa miaka yote hiyo umemwachia macho mekundu. Drusilla hajachoka kumpigia kelele. "Mama, toka huko ndani, macho yako yamekuwa ya mlevi!" Bibi anacheka, anaongeza ukuni. Kumbukeni hayo macho.

Loice alikuwa msichana wa kwaya. Alifaulu mtihani akaenda chuo cha ualimu, na siku anaondoka sisi majirani tulimsindikiza na sanduku lake hadi stendi tukiimba. Alirudi kabla ya wenzake. Alirudi amekonda, hataki kuongea, hataki kula, hata nywele hataki kuchana. Usiku halali, mchana amekaa ukingoni mwa kitanda akitazama sakafu. Ukimuuliza ana nini anasema hajui. Na alisema kweli, hakujua.

Mnafikiri watu walisema nini? Mmoja alisema ana mimba. Wa pili alisema ameachwa na mvulana. Wengine walisema hao ndio watoto wa siku hizi, wamezoea simu, jembe hawalijui. Hata Drusilla mwenyewe aliona ni uvivu wa chuo. Akawa anamwamsha alfajiri, anamvalisha kikapu mgongoni, anamwambia kazi ni dawa. Msichana anasimama katikati ya chai, kikapu kitupu, machozi yanamtiririka bila sauti. Drusilla anachuma upande ule huku naye moyo unamchemka, maana hajui amkasirikie nani.

Asubuhi moja nikamsikia Drusilla akipiga ukemi. Nilikimbia hadi nikapoteza kiatu kimoja. Loice alikuwa ameanguka kati ya michai, ameshika kifua, anahema kama mtu aliyezama majini, vidole vimekakamaa. "Nakufa, mama," alikuwa anasema, "moyo unasimama." Tulimbeba hadi zahanati. Tulipofika hali ilikuwa imetulia, na waliompima walisema moyo ni mzima kabisa. Basi maneno yakapata miguu. Moyo mzima, na mtu anaanguka? Huyo ana pepo.

Ilipofika Agosti wakampeleka makambi, ile mikutano ya kanisa ya kila mwaka inayofanyika hemani. Mzee wa kanisa mmoja, sitamtaja, maana bado tunasalimiana, alimsimamisha mbele ya umati akalikemea pepo la uvivu mpaka spika zikapiga mluzi. Pepo halikutoka, kwa kuwa halikuwamo. Mzee akasema imani ya msichana ni haba. Nilitamani kumrushia kiti! Loice aliingia katika hema lile akiwa mgonjwa mwenye Mungu, akatoka akiwa mgonjwa anayeamini kwamba hata Mungu amemkataa.

Juma lililofuata walikuwa jikoni, Drusilla anaosha masufuria. Loice akasema polepole, "Mama, ningelala tu nisiamke, nyinyi mngepumzika." Drusilla aliniambia sufuria ilimtoka mikononi na hakuisikia ikigonga chini. Hakukemea tena. Alfajiri alimvalisha binti yake sweta, wakashika njia ya Kisii mjini. Sisi wengine tuliambiwa wanakwenda kutibiwa tumbo. Alipofika kwenye mlango wa kliniki ya magonjwa ya akili alijifunika leso hadi puani, asije akaonwa na mtu wa Gesima.

Waliyemkuta ni muuguzi anayeitwa Deka, binti wa mjini mwenye hijabu ya kijani, asiyejua neno la Ekegusii, lugha yetu, zaidi ya salamu. Walizungumza Kiswahili. Deka aliongea na Loice peke yake kwanza, kwa muda mrefu, kisha akamwita Drusilla.

"Mama, huyu si mvivu na hana pepo," alimwambia. "Ana ugonjwa unaitwa sonona. Unakula nguvu, unakula usingizi, unamwambia mtu uongo kwamba hana maana. Na juu yake kuna hofu inayomshika ghafla. Ile siku ameanguka, mwili ulikuwa unakimbia hatari ambayo haiko. Inatisha, lakini haiui."

"Ameupata wapi?" Drusilla akauliza. "Kwetu hakuna."

"Kwenu uko, mama. Kwetu pia uko. Vijana wengi wanaugua, wanaitwa majina mabaya tu. Unatibika."

Akampa dawa na maelezo, na Drusilla aliyashika kichwani kama anavyoshika fungu la Biblia. Dawa haifanyi kazi kwa siku moja, inataka majuma. Asiiache akianza kujisikia nafuu. Awe anarudi pale kuongea. Akisema maneno ya kufa asiachwe peke yake, na wala mama asiogope kumuuliza, maana kumuuliza hakumpi wazo ambalo hana. "Na usiku," Deka akasema, "usingizi ukikataa, asilale akipigana na kitanda. Ainuke, atoke hapo, akae ama atembee taratibu, mpaka usingizi umrudie."

Ushauri mzuri kabisa. Kosa la Deka ni kwamba hakuwa amezaliwa Gesima.

Nani angekaa na msichana usiku? Drusilla anachuma tangu alfajiri, lazima alale. Nyakerario akasema, "Mimi mzee usingizi wangu ni wa kuku. Nipeni mimi." Ikawa hivyo. Loice akishindwa kulala anamgusa bibi begani. Ndani kifua kinambana, kwa hiyo wanatoka nje, wanashikana mikono, wanatembea kwenye kinjia kati ya michai huku bibi akimsimulia mambo ya usichana wake, jinsi alivyomtoroka mchumba wa kwanza kwa sababu ya pua yake. Wakichoka wanarudi. Nilijua, kwa sababu Drusilla aliniambia mimi peke yangu, na kwa sababu usiku mwingine nilisikia Loice akicheka kule chini. Nililia kitandani kwangu. Sikuwa nimekisikia kicheko hicho tangu aende chuo. Akaanza kula ndizi mbili, tatu. Akachana nywele. Siku moja alichuma kikapu kizima na kunitania kwa sauti ya mama yake.

Kisha Ogari akawaona.

Ogari ni shemeji yake Drusilla, mdogo wa marehemu mume wake, mtoto wa tumbo la Nyakerario mwenyewe. Alikuwa anatoka kunywa chang'aa. Mtu mlevi akiona kitu usiku huwa hatuamini hata akisema ameona ng'ombe, lakini huyu alisema ameona mchawi na kijiji kizima kikamwamini kabla hajamaliza. Huku kwetu mchawi, omorogi, hukimbia usiku, na uchawi wake haufi naye. Bibi humfundisha mjukuu. Sasa tazameni walivyoshona kanzu yao. Bibi mzee, macho mekundu. Mjukuu aliyerudi chuo bila sababu, ambaye moyo ni mzima na anaanguka. Wanatoka usiku, wanashikana mikono, wanacheka. Ilikaa sawasawa mwilini!

Mnaweza kudhani haya ni maneno tu. Si maneno. Mwaka uliotangulia, kijana mmoja hapa kijijini, Mose, mtoto wa Gladys, alijitoa uhai. Kijana mpole, fundi wa simu. Watu hawakukaa hata kidogo kujiuliza alikuwa na nini moyoni. Walisema amerogwa, wakatafuta mkono, wakaupata kwa mzee mmoja wa kike aliyeitwa Nyasani, aliyekuwa anaishi peke yake kule chini karibu na mto. Waliichoma nyumba yake naye akiwa ndani. Askari walipokuja kuuliza, kila mtu alisema alikuwa amelala. Kijiji kizima kililala usiku ule, wanaume kwa wanawake, usingizi mtamu wa pono. Hakuna aliyesikia ukemi, hakuna aliyeona moto. Halafu watu hao hao ndio wanaomshuku msichana kwa kutolala!

Mawe yakaanza kuangukia mabati ya Drusilla. Watoto wakawa wanakimbia wakimwona bibi. Mwishowe Bosire, mzee wetu wa mtaa, akapita nyumba kwa nyumba kusema neno hili litasikizwa kwenye kituo cha kununulia majani, wakati wa kungoja lori, kwa sababu hapo ndipo watu wote hukutana.

Drusilla alikuja kwangu jioni ile. Hakukaa.

"Mama Ogeto, nifanye nini? Nikinyamaza watamchoma mama. Nikisema ukweli, nimemmaliza Loice. Watamwita mwenda wazimu. Nani atamwoa? Nani atampa darasa afundishe watoto wake?"

"Sema ukweli," nikamwambia.

"Wewe wako si mgonjwa," akasema, akaenda zake. Alikuwa na haki ya kusema hivyo, na iliniuma.

Siku yenyewe lori lilichelewa kama kawaida yake. Watu walikuwa wamejaa kibandani, vikapu vimepangwa chini, harufu ya majani mabichi. Nyakerario aliletwa akakalishwa juu ya kikapu kilichopinduliwa, katikati, kama kitu cha mnada. Drusilla alisimama nyuma yake. Loice alikuwa ameambiwa abaki nyumbani. Gladys, mama yake Mose, alikuwa pembeni karibu na mizani, kimya, kama alivyokuwa kimya tangu amzike mwanawe.

Ogari alisema kwanza. Alikuwa amevaa koti.

"Mimi nimeona na macho yangu. Huyu mama yangu, na huyo msichana wa ndugu yangu, wako kwa chai usiku, wanacheka. Mimi sina ubaya na mtu. Lakini ndugu yangu alikufa, mkasema ni tumbo. Ng'ombe yangu imekufa. Mose alikufa. Sisi tutakufa mpaka wangapi? Huyu mzee atoke hapa, ama tujue la kufanya."

Watu wakaitikia. "La kufanya" kila mmoja alilijua.

Bosire akainua mkono. "Drusilla, jibu. Mama mkwe wako anaenda wapi na msichana usiku?"

Mwanamke asiyeshindwa na neno tangu nimjue, siku ile maneno yalimkimbia.

"Wanaenda choo," akasema.

Kicheko kikalipuka. Mtu akauliza, "Choo yenu iko mbali mpaka Nyaramba?" Wakacheka zaidi. Niliwachukia wote, mmoja mmoja, kwa majina.

"Drusilla," Bosire akasema, "mbele ya Mungu."

Hapo ndipo Nyakerario alipojishika magoti akasimama. Alikuwa mdogo sana kati ya watu wale. Alimtazama Ogari, mwanawe, si kwa hasira, kwa namna tu ya kumtazama mtoto aliyejichafua.

"Ni mimi natoka," akasema. "Nasema mwenyewe. Mimi ndiyo namtoa msichana, yeye hajui kitu. Mimi nimeishi nimetosha. Nichukueni, lakini msichana msimguse, na msimuulize kitu."

Kelele iliyofuata siwezi kuieleza. Watu walisukumana mbele. Kikapu changu kilipinduliwa, majani yakakanyagwa. Nilimshika Drusilla kiunoni kwa sababu alikuwa anamrukia Ogari. Kizee yule hakuwa amekiri uchawi. Alikuwa amekubali kuchomwa ili neno la ugonjwa wa mjukuu wake lisitoke. Pale tulioelewa hilo tulikuwa wawili tu, mimi na Drusilla.

"Magokoro, kaa chini!"

Ilikuwa sauti ya Loice, akimwita bibi yake kwa Ekegusii. Alikuwa ametufuata, akasikiliza yote akiwa nyuma ya kibanda. Alipita katikati ya watu, nao wakampisha, si kwa heshima, kwa kuogopa kuguswa naye. Alishika kifua, akavuta pumzi kama alivyofundishwa na Deka, akaitoa polepole, akaivuta tena. Tulingoja. Kisha akasema.

"Mimi ni mgonjwa. Si tumbo. Ni akili. Inaitwa sonona, natibiwa Kisii, nakunywa dawa kila asubuhi. Silali. Nikikaa ndani kifua kinanibana, nasikia ni kama nakufa. Kuna siku nimetaka kufa kweli. Magokoro ananitoa nje, ananishika mkono nisijiumize, ananipigia hadithi mpaka usingizi ukuje. Hiyo tu ndiyo uchawi yake. Kama mnachoma mtu juu ya hiyo, mnichome mimi."

"Kumbe ni mwenda wazimu," mtu akasema nyuma, na wengine wakaguna kwa namna ya kufurahi. Drusilla akageuka. Sauti ilikuwa imemrudia.

"Nani huyo? Jitokeze! Ndiyo, mtoto wangu anaugua akili, na nimeficha kama mwizi kwa sababu yenu. Nimejifunika leso hospitali kwa sababu yenu! Wewe ukiugua meno tunakuita mwenda meno? Mlimkemea kama mbwa kule makambi, hakuna hata mmoja alikuja kumuuliza, Loice, umelalaje? Huyu mzee peke yake ndiye aliuliza. Na nyinyi mnamletea kiberiti."

Hakuna aliyerudi nyuma. Ogari akasema, "Hayo ni maneno ya kufunikia." Na nilihisi watu wakianza kuegemea tena upande wake, kwa sababu uchawi wanaujua na sonona hawaijui.

Ndipo Gladys akasema, bila kuinua sauti, akiwa bado amesimama karibu na mizani.

"Mose alikuwa anatoka usiku."

Watu wakamgeukia.

"Alikuwa halali. Ananiambia, mama, ndani hewa hakuna. Anatoka, anazunguka nyumba. Mimi nikaogopa watu watamwona, wataita mchawi. Nikanunua kufuli, nikawa nafunga mlango. Namsikia huko ndani anatembea, anatembea. Sikumuuliza kitu." Akamtazama Loice, halafu akatutazama sisi. "Basi Nyasani tulimchoma bure."

Alisema "tulimchoma". Mwaka mzima hakuna aliyekuwa amelitamka. Watu wazima walianza kutazama vikapu vyao. Bosire alivua kofia akaikunja, akaikunjua. Ogari akasema kitu ambacho hakikusikika, na lori likapiga honi barabarani, na kila mtu akashukuru kupata pa kukimbilia. Walipima majani yao na kutawanyika bila kuagana. Hakuna aliyemwomba Nyakerario msamaha. Mpaka leo hakuna, na ndiyo maana kisirani changu bado kiko palepale, kizima, na sina mpango wa kukitoa.

Jioni ile nilikuwa kwa Drusilla, tunamkanda bibi miguu, Gladys akabisha hodi. Hakutaka chai. Alikuwa amebeba taa ya sola, ile ndogo ya mezani ambayo Mose alikuwa akifanyia kazi ya simu. Akamkabidhi Loice kwa mikono miwili.

"Mtembee nayo," akasema. "Msitembee gizani kama watu wenye makosa."

Sasa wanatembea na taa. Kutoka dirishani kwangu naiona ikishuka taratibu kati ya michai hadi kwenye mikaratusi, kisha inarudi. Usiku mwingine haitoki kabisa, na hapo najua Loice amelala.